Dawa Iliyomwagwa

Siku za likizo kazi ya Kahonzi ilikuwa moja: kumlea mdogo wake Kitsao, mtoto wa miezi minane, mama yao akienda kuuza viazi karai sokoni. Asubuhi hiyo Kahonzi alimpeleka kwanza zahanati ya kanisa hapo Muyeye, akapimwe uzito.

Penye mizani alikuwapo Chiara, msichana wa Kiitaliano aliyetumwa na kanisa lake kujitolea mwaka mzima. Mshahara hana. Watu walimtazama kwa jicho la shaka, maana tangu lini mtu akavuka bahari kuja kufanya kazi ya bure?

"Wewe ni daktari?" Kahonzi alimuuliza.

"Bado. Mwakani naomba kusomea udaktari. Sasa namtumikia Mungu," Chiara akajibu kwa Kiswahili cha kuchechemea.

Alaa! Kumbe anajifunzia kwetu, Kahonzi akawaza.

Chiara akalowesha kitambaa, akampangusa Kitsao paji la uso. Lile doa la wanja alilopakwa na mama yake kumkinga na husuda likatoka lote. "Mzuri! Mnene!" akasema akicheka. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakatazamana.

"Hata mashallah hakusema," akanong'ona jirani yao, Bi Fahima.

Jioni Kitsao akaanza kuhara. Kulipokucha mama akamrudisha zahanati, na Chiara ndiye aliyemkabidhi pakiti ya dawa ya kukoroga na maji, ya kumrudishia mtoto maji yaliyompotea mwilini. Mama akaikoroga kwenye jagi nyumbani. "Mpe kijiko kijiko, usichoke," akamwambia Kahonzi, kisha akashika njia ya sokoni.

Kahonzi alilitazama lile jagi. Aliyemtia mtoto jicho ndiye huyo huyo aliyetoa dawa! Thubutu! Akaimwaga yote nyuma ya nyumba.

Adhuhuri Kitsao alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, analia bila machozi. Kahonzi akaingiwa na hofu ya kumpoteza. Akamfunga mgongoni kwa leso, akakimbia mbio hadi zahanati.

"Amekunywa dawa kiasi gani?" akauliza Sista Emily, muuguzi mkuu.

Uongo ulimjia mdomoni, akaumeza. "Hajanywa, Sista. Nimeimwaga. Chiara alimfuta wanja, nikajua ana jicho baya."

Chiara akawa mwekundu. "Nilidhani ni uchafu," akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

Sista Emily akakoroga dawa nyingine, akaionja mbele ya Kahonzi, akampa kijiko. "Haya, mpe." Wakamnywesha kidogo kidogo hadi alasiri, Kitsao akailowesha leso ya dada yake. Sista akapiga makofi. "Mkojo huo! Maji yamemrudi mwilini."

"Sista, kama si jicho, kuhara kumetoka wapi?"

"Maji anayokunywa, mnayachemsha?"

"Siku nyingine tunasahau," Kahonzi akajibu akiinamisha kichwa.

"Basi msisahau tena." Sista akawageukia wote wawili. "Chiara, mtoto ana mama yake. Uliza kabla ya kumfuta. Nawe Kahonzi, kumshuku mgeni si dhambi. Hata mimi nilimshuku huyu, ndiyo maana simruhusu kushika sindano. Lakini mimi nilimuuliza maswali, nikamwangalia kazini. Wewe ulimhukumu moyoni, ukanyamaza, na adhabu karibu impate Kitsao. Ukiwa na shaka, mwanangu, iseme. Kuuliza si ujinga."