Tuta la Mwenye Msiba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye meza yake ya vitenge Buguruni, Kokushubila alipita bustanini. Bustani hiyo iko kwenye kiwanja cha wazi cha mtaa wao, njia ya kwenda Pugu. Zamani palikuwa jalala. Majirani walipasafisha, na sasa kila familia ina tuta lake la mboga. Wengine wana mchicha, wengine matembele. Kokushubila, ambaye majirani humwita Mama Blessing, alipanda nyanya chungu. Blessing mwenyewe hazipendi hata kidogo, lakini ndizo zilizokuwa zikipikwa kwao siku nyingi, na hakuna aliyelala njaa.

Maji yalivutwa kisimani kwa pampu ya Mzee Thuwaini, mwenye duka la kona. Aliitoa kwa moyo mweupe. Tangu siku hiyo, yeye ndiye aliyegawa matuta, na yeye ndiye aliyeyachukua. Hakuna aliyemchagua, na hakuna aliyeuliza. Watu wa mtaa huo ni wepesi wa kushukuru, lakini kuuliza wanaona haya.

Mwezi wa sita mama yake Kokushubila alifariki Bukoba. Alikwenda kuzika, akakaa huko karibu mwezi mzima. Aliporudi, alikuta tuta lake limejaa mboga za chainizi. Miche yake ya nyanya chungu ilikuwa imetupwa pembeni, imekauka. Kijana mmoja aitwaye Brightson alikuwa anapalilia.

“Samahani, kaka. Hili tuta langu.”

“Dada, mie nimepewa na Mzee Thuwaini. Kaniambia limeachwa.”

Kokushubila aliumia sana. Ametoka kumzika mama yake, na sasa hata mboga zake zimeng'olewa. Alikwenda moja kwa moja dukani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mama Blessing. Pole na msiba.”

“Ahsante, nimeshapoa. Mzee, mbona tuta langu umempa mtu?”

“Lilikauka, mwanangu. Jua la Dar halijui msiba. Kijana kaja, hana pa kulima, nikampa.”

“Si ungewauliza hata majirani zangu?”

“Niwaulize kwa nini? Pampu ya nani ile?”

“Yako, mzee.”

“Basi.”

Nyumbani, mumewe Ansbert alikuja juu. Yeye ni karani, na kwake kila jambo dawa yake ni ofisi.

“Twende serikali ya mtaa,” alisema. “Ofisi ichukue bustani yote, igawe yenyewe. Ishu imekwisha.”

Mtendaji wa mtaa aliwasikiliza, kisha akampigia simu Bi Sekela, bibi shamba wa kata. Jumamosi Bi Sekela alikutana na wakulima wote bustanini. Walikaa juu ya ndoo walizozigeuza. Mzee Thuwaini aliletewa kiti.

Ansbert alirudia maneno yake. Bi Sekela akacheka.

“Shemeji, kiwanja ni cha mtaa, kweli. Ofisi iwape ruhusa ya kukitumia. Mkishindwana, mkaamuliwe huko. Lakini ikianza kugawa matuta, mtasubiri mhuri mpaka mchicha utoe maua.”

“Basi tumpe mwalimu mkuu mstaafu,” alisema mama mmoja. “Anaheshimika.”

“Ana tuta hapa?”

“Hana.”

“Sasa atasimamiaje asichokimwagilia? Niambieni, Mama Blessing alipokwenda Bukoba, nani alijua?”

“Sie majirani zake wa matuta,” walijibu watu. “Tulimchangia nauli.”

“Mlijua wote. Aliyeamua hakuwauliza. Bustani isimamiwe na wanaoilima. Chagueni kamati ya watu watatu, wake kwa waume, kwa mwaka mmoja. Wakivurunda, muwatoe. Kanuni mtunge wote. Na tuta la mtu lisichukuliwe mpaka mwenyewe aulizwe, na mkutano ukubali.”

Mzee Thuwaini alikohoa. “Penye wazee haliharibiki neno, binti yangu.”

“Kweli, mzee. Lakini hapo ulikuwa mzee mmoja tu. Ulifanya wema, wala sisemi ulikusudia ubaya. Ila mtu akiamua peke yake, akikosea hakuna wa kumshtua.”

Kamati ikachaguliwa. Kokushubila alikuwa mmoja wao. Mkutano ukaamua Brightson avune chainizi zake, kisha arudishe tuta. Yeye angesaidiwa kusafisha kona iliyobaki na taka, iwe tuta lake. Kanuni ya kwanza ilitungwa hapo hapo: mwenye msiba au mgonjwa, wenzake watamwagilia tuta lake kwa zamu.

Mzee Thuwaini akasimama.

“Vizuri. Bustani yenu, pampu yangu.”

Akaipakia kwenye toroli, akaondoka nayo. Watu walimtazama Bi Sekela.

“Ni mali yake,” alisema. “Nyie mna ndoo.”

Wakaanza kuvuta maji kwa kamba. Mikono ilichubuka. Wengine walinung'unika kwamba kamati hainyweshi mchicha. Wachache walitaka kwenda kumwangukia mzee, wamrudishie utawala wake, yaishe.

Kabla hawajaenda, Bi Zubeida, mke wa Mzee Thuwaini, alilazwa hospitali. Mzee alifunga duka, akawa anashinda huko. Tuta lake la bamia likaanza kunyauka.

Brightson alikuwa bado anahangaika na taka za kona yake. Akamfuata Kokushubila.

“Dada, tuta la mzee limeachwa. Nipeni lile. Si alikufanyia hivyo hivyo?”

Kokushubila alilitazama tuta lile. Hakuna aliyekuwa na sababu kubwa ya kukubali kuliko yeye.

“Halikuachwa,” alisema. “Ana mgonjwa. Leta ndoo.”

Alianza yeye. Moyo wake haukupenda, na asiyeamini angeona alivyokuwa akiyamwaga yale maji kwa hasira. Lakini alimwagilia. Kesho yake ikawa zamu ya mwingine.

Bi Zubeida alipopata nafuu, Mzee Thuwaini alishuka bustanini na panga, aje kukata mashina makavu. Alikuta bamia za kijani, nyingine zimeshapitiliza kukomaa.

“Nani kamwagilia?”

“Wote, mzee,” alisema Brightson. “Kwa zamu. Aliyeanza Mama Blessing.”

Mzee alimgeukia Kokushubila. Kisha akasema polepole, “Nyanya chungu zako zile. Nisamehe, mwanangu.”

“Yameisha, mzee. Bi Zubeida hajambo?”

“Hajambo sana.”

Alasiri toroli lilirudi na pampu. Safari hii mzee hakuletewa kiti. Aligeuza ndoo, akakaa katikati ya wenzake.

“Pampu kamati itunze, na mafuta tuchange wote,” alisema. “Sasa niambieni, zamu yangu ya kumwagilia ni lini, na tuta la nani?”