Mkate wa Mlangoni

Kiwanda cha mikate si kikubwa. Kina chumba cha kukandia unga, chumba cha tanuri, na chumba kirefu cha kufungia mikate. Wafanyakazi ni thelathini na wachache. Joto ni la wote.

Katika chumba cha kufungia kuna mama mmoja mwenye mikono myepesi. Kazi yake ni kutia mkate katika mfuko na kuufunga kwa utepe mwekundu. Ndiyo maana wenzake wanamwita Mama Utepe. Hufunga huku akizungumza, huku akicheka, huku akimtania mtu. Bado hajapata kukosea.

Kiwanda hicho kina desturi yake. Mikate mingine hutoka tanurini imepinda au imebonyea upande mmoja. Maduka hayaitaki. Basi jioni, kila mfanyakazi anayetoka hupewa mmoja wa mikate hiyo pale mlangoni. Wanauita mkate wa mlangoni. Hakuna mkataba ulioutaja. Lakini jaribu kumnyima mtu mkate wake, ndipo utajua kwamba desturi ni kali kuliko sheria.

Kila mtu ana matumizi yake. Mchoma mikate, mwanamume mrefu anayeitwa Makaa, humpelekea mama yake mzazi. Mfagiaji ana watoto watatu, na mkate huo huwa ndio chakula chao cha jioni. Mama Utepe aliula na mume wake, fundi baiskeli, na binti yao wa miaka minane.

Binti huyo walimwita Malkia, kwa sababu alibebwa kila mahali. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu kuzaliwa. Kila asubuhi mama yake alimsukuma katika kiti cha magurudumu mpaka kituo cha watoto wenye ulemavu, mtaa wa pili. Huko alifanya mazoezi ya viungo, alisoma, na aligombana na wenzake kama mtoto yeyote. Jioni mama alimfuata. Hivyo ndivyo mama huyo alivyoweza kufanya kazi.

Siku moja mkuu wa kituo aliwaita wazazi.

"Mfadhili wetu wa chakula cha asubuhi amejitoa," alisema. "Chai tutaipata. Mikate hatuna. Na mtoto mwenye njaa hawezi kufanya mazoezi, anaanguka. Tusipopata mikate kufikia mwisho wa mwezi, tutafungua saa sita mchana, watoto wakiwa wameshakula kwao."

Mama Utepe alitoka pale na moyo mzito. Saa sita mchana yeye yuko kazini. Mume wake hushinda kando ya barabara, juani, magari yakipita karibu. Mtoto hawezi kukaa pale. Kituo kikifunguliwa saa sita, mama ataacha kazi. Hapakuwa na njia nyingine.

Usiku alifikiri. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa kiwanda.

"Bosi, nina jambo la sadaka. Kuna watoto wenye shida, wanahitaji mikate. Kila Ijumaa mikate yote ya mlangoni iende kwao."

"Wenzako wamekubali?" msimamizi aliuliza.

"Nani atakataa kuwasaidia watoto?"

Msimamizi alipenda mambo mepesi, na hili lilionekana jepesi. Saa ya chai alisimama mbele ya wafanyakazi akatangaza. Kuanzia Ijumaa ile, mikate ya mlangoni itapelekwa kwa watoto. "Tumekubaliana," alisema. "Kutoa ni moyo."

Watu walitazamana. Hakuna aliyepinga. Mama Utepe aliona kimya kile akadhani ni ridhaa. Furaha ilimjaa.

Ijumaa ikafika. Wakandaji walikanda unga kwa uangalifu usio wa kawaida. Wapanga kalibu za kuokea walizipaka mafuta kila pembe. Makaa hakuondoka mbele ya tanuri hata kunywa maji. Mikate ikatoka, trei baada ya trei, yote imenyooka na imepanda vizuri. Jioni Mama Utepe alifika mlangoni na kapu lake kubwa. Mikate iliyopinda ilikuwa miwili.

Msimamizi aliitazama mikate iliyonyooka. Aliwatazama watu.

"Kumbe mnaweza," alisema.

Kila mtu aliangalia viatu vyake. Walitaka kumkomoa Mama Utepe, na sasa walikuwa wamejikomoa wenyewe. Kama mikate inaweza kunyooka Ijumaa, kwa nini isinyooke Jumatatu? Na ikinyooka kila siku, mlangoni watapewa nini?

Nje ya lango, Makaa alimsubiri Mama Utepe.

"Umefurahi?" aliuliza.

"Mimi ndiye niliyenyoosha mikate?"

"Wewe ndiye uliyegawa mkate wa mama yangu bila kuniuliza. Kutoa ni moyo, sawa. Lakini wewe umetoa kwa mkono wangu."

"Ni kwa ajili ya watoto, kaka."

"Watoto gani?"

Mama Utepe alihamishia kapu mkono wa pili. Makaa alitikisa kichwa akaenda zake. Mfagiaji alipita na watoto wake wawili waliokuja kumpokea. Hakuwa na kitu mkononi. Hakumsalimia Mama Utepe. Yeye ambaye siku zote alimwita dada.

Jioni hiyo jirani yao alikuwa uani kwao. Huyu ni afisa wa ustawi wa jamii. Anawafundisha watu kutunza vitu vyao, na baiskeli yake haijui kutunzwa. Fundi alikuwa akiziba pancha ya nne mwezi ule.

"Shemeji, mbona uso umekunjamana?" afisa aliuliza.

Mama Utepe alieleza yote, hata habari ya mikate miwili. Mume wake akacheka mpaka gundi ikamwagika.

"Cheka tu," mkewe alisema. "Mwezi ujao utacheka na Malkia mgongoni."

Fundi akaacha kucheka.

"Kituo kinataka mikate mingapi kwa siku?" afisa aliuliza.

"Mitano."

"Nanyi mko thelathini na zaidi?"

"Ndiyo."

"Basi kwa siku moja watu watano tu wakitoa, watoto wamekula. Kesho watano wengine. Wewe umechukua ya wote kwa mkupuo mmoja, hata ya yule ambaye hana kingine cha kuwapa wanawe. Huo si mchango, shemeji. Ni kodi."

Maneno hayo yalimuuma Mama Utepe, kwa sababu alikumbuka mikono mitupu ya mfagiaji.

"Mchango ni lazima mtu aweze kuukataa," afisa aliendelea. "Asipoweza kukataa, atatoa shingo upande, na atatafuta njia ya kukukomesha. Na wao wameipata. Sasa niambie, uliwaeleza mikate inakwenda wapi?"

"Kwa watoto wenye shida."

"Wenye shida wako kila mahali. Ni wapi? Ni wangapi? Wakikosa mikate kitatokea nini? Mtu anataka kujua. Na je, uliwaambia Malkia yumo?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mama Utepe alichezea ncha ya kanga yake. "Watasema najiombea mwenyewe. Tena sitaki wamhurumie mwanangu."

"Wakijua baadaye kwa watu wengine, watasema umewadanganya. Hapo hata anayetaka kutoa hatatoa. Mficha uchi hazai, shemeji. Sema kwamba una mtoto pale. Sema mapema, kwa kinywa chako."

"Na wasiotoa?"

"Usiwajue. Weka kapu mahali ambapo mtu hatazamwi. Usiandike, usichungulie, usimshukuru mmoja mbele ya mwingine. Halafu warudie kila mara uwaambie mikate imefika, watoto wamekula. Anayetaka kuhakikisha, mpeleke akaone."

Fundi alijaza upepo tairi, akalibonyeza. "Na wewe, bwana afisa," alisema, "nimekueleza mara nne usiiache baiskeli kwenye miba."

"Mara nne zote nilikubali," afisa alijibu.

Jumatatu Mama Utepe alianza kwa msimamizi. Alimwomba alifute lile tangazo.

"Nilidhani nimekusaidia," msimamizi alisema.

"Ulinisaidia, bosi. Mimi ndiye niliyekosea. Sikuwauliza wenye mikate."

Msimamizi alikubali. Habari ya mikate kunyooka hakuigusa tena. Yeye naye huchukua mkate wa mlangoni.

Saa ya chai Mama Utepe alisimama. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo yalimpungukia. Watu waliendelea kunywa chai. Wengine walimpa mgongo.

"Wiki iliyopita niligawa mikate yenu bila kuwauliza," alisema. "Nimefanya vibaya. Naomba radhi. Mikate yenu ni yenu, Ijumaa na siku nyingine zote."

Baadhi ya migongo iligeuka.

"Lakini bado naomba. Safari hii naomba kweli, na mtu anaweza kukataa. Mtaa wa pili kuna kituo cha watoto wenye ulemavu. Wako ishirini na wawili. Wanahitaji mikate mitano kila asubuhi. Wasipoipata, kituo hakitafunguliwa asubuhi." Alimtazama Makaa. "Mmoja wa watoto hao ni binti yangu. Hatembei. Kituo kikifungwa asubuhi, mimi nitaacha kazi hii."

Vikombe vilitulia. Walifanya naye kazi miaka sita. Walijua ana binti. Hawakujua zaidi ya hapo.

"Kwa hiyo unamwombea mwanao," Makaa alisema.

"Ndiyo. Yeye na wenzake."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo."

"Niliona haya."

Makaa alimaliza chai yake. Hakusema atatoa, wala hakusema hatatoa.

Kapu liliwekwa nyuma ya kibanda cha mlinzi, upande wa ukutani. Mtu akitoka na mkate wake angeweza kupita huko au asipite, na nani angejua? Mfagiaji alimvuta Mama Utepe kando.

"Dada, mimi mkate wangu..."

"Wapelekee watoto," Mama Utepe alisema. "Huna deni na mtu."

Mfagiaji alimshika mkono kidogo, akaenda.

Jioni ya kwanza kapuni kulikuwa na mikate mitatu, pamoja na wa Mama Utepe mwenyewe. Alitamani kujua ni nani wawili wale. Alitamani zaidi kujua ni nani wasio wale wawili. Akakumbuka maneno ya jirani, akabeba kapu, akaenda. Kesho yake alitoa habari: mitatu imefika, imegawanywa vipande vidogo, kila mtoto amepata. Hakulalamika kwamba haikutosha. Alisema tu kwamba anayetaka kuona, kituo kiko wazi.

Siku tatu hakuna aliyekwenda. Siku ya nne Makaa aliomba ruhusa ya asubuhi, akapitia kituoni. Hakwenda kwa wema. Alikwenda kuhakikisha kama mikate haiishii njiani.

Alimkuta mtoto mmoja ameshika vyuma viwili sambamba, anavuta hatua. Jasho lilimtoka kama mtu anayekanda unga. Mtoto alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Makaa?" aliuliza.

"Umenijuaje?"

"Mama anasema ni mrefu na ana maneno makali."

"Mama yako naye ana maneno mengi."

"Ndiyo," Malkia alisema. "Sogea, umesimama kwenye njia yangu."

Makaa alisogea. Alisimama ukutani mpaka mtoto alipofika mwisho wa vyuma, akageuka, akaanza kurudi. Ilichukua muda mrefu. Makaa hakuwa ameona mtu akifanya kazi hivyo hata mbele ya tanuri.

Saa ya chai alizungumza bila kuulizwa.

"Nimeona," alisema. "Watoto wapo. Wanafanya kazi kuliko nyinyi. Na wanakula sana."

Watu walicheka. Jioni hiyo Mama Utepe alikuta mikate sita. Kesho yake minne, keshokutwa minane. Siku moja ilikuwa miwili tu, na mkuu wa kituo akasema ataamua mwezi ukiisha, kwa sababu hawezi kuwaahidi wazazi kitu kinachopanda na kushuka. Mama Utepe aliwaeleza wenzake na hilo pia, kama lilivyo. Hakumsukuma mtu. Usiku hakulala vizuri. Aliogopa, na alimwambia mumewe kwamba anaogopa.

"Umeshawaambia ukweli," mumewe alisema. "Sasa waachie."

Wiki ya mwisho mikate haikupungua mitano hata jioni moja. Wafanyakazi walikuwa wamepangana wao kwa wao, kimyakimya, nani leo na nani kesho. Mama Utepe hakuambiwa, naye hakuuliza. Lakini mkuu wa kituo bado alikuwa hajatoa uamuzi.

Siku ya kwanza ya mwezi mpya, Mama Utepe alimsukuma binti yake kama kawaida. Alikuwa amevaa nguo za kazi, ila hakujua kama atafika kazini. Njiani hakuzungumza, na Malkia akashangaa.

Lango lilikuwa wazi. Ndani, watoto walikuwa wameketi kwenye benchi ndefu, kila mmoja na kikombe chake na kipande cha mkate. Mkuu wa kituo alikuwa akimimina chai. Aliinua birika kidogo kumsalimu, akaendelea kumimina.

Mama Utepe alisimama pale langoni. Machozi yalimlengalenga. Hakuondoka.

Malkia alishika magurudumu ya kiti chake, akajisukuma mwenyewe kuelekea kwenye benchi. Katikati ya njia aligeuza kichwa.

"Mama," alisema, "nenda. Utachelewa kazini."