Sauti ya Kuazima

Tarumbeta ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kadeti wote thelathini na sita wakaruka kutoka vitandani kana kwamba magodoro yameshika moto. Shule yao ilikuwa ndani ya kambi kubwa ya kijeshi ya Kamina, na wao walikuwa watoto wa askari waliotoka kila pembe ya Zaire. Walipewa dakika kumi tu za kutandika, kunawa maji baridi na kung'arisha viatu. Dawa ya viatu ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa tisa. Basi walichanganya masizi ya sufuria na mafuta ya mawese, viatu vikang'aa vizuri, na nzi wakavipenda kupita kiasi.

Baada ya hapo walijipanga uwanjani kuitwa majina. Adjudanti Likoke, mwalimu wao wa gwaride, alisimama mbele yao na daftari lake. Jina likiitwa, mwenye jina hujibu kwa nguvu, "Présent!", yaani nipo. Adjudanti alikuwa mkali, lakini macho yake hayakutoka kwenye daftari. Alisikiliza sauti tu, akatia alama, akaendelea na jina lililofuata.

Kadeti walikuwa wameligundua hilo zamani. Aliyechelewa, au aliyetoroka kidogo kwenda kutafuta chakula, aliacha jina lake kwa rafiki, na rafiki akamjibia. Waliita jambo hilo kuazima sauti. Kwao huo ndio ulikuwa urafiki wenyewe, na aliyekataa aliitwa mchoyo mwezi mzima. Mimi sitawalaumu kwa njaa yao, maana uji wa shule ile ulikuwa mwepesi hata ungeweza kujiona uso ndani yake. Lakini njaa si mshauri mwema.

Mwezi huo wa kumi na moja, masuku yalikuwa yameiva. Ni matunda ya porini, yenye ganda la kahawia na nyama tamu, na yalijaa katika bonde lililokuwa nyuma ya uzio wa kambi. Ubaya ni kwamba bonde lile lilikuwa uwanja wa shabaha. Kila Jumanne na Ijumaa askari walipanda kilimani na kupiga mizinga kuelekea huko, na madirisha ya kambi yakatetemeka.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kadeti mmoja aliyeitwa Mputu, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa akifunga kamba za viatu vyake wakati jirani yake wa kitanda, Bolingo, alipomwinamia sikioni.

"Leo si siku ya kupiga," Bolingo akanong'ona. "Minyi nashuka pale kwa masuku, narudia mbele ya saa ya uji. Weye unijibie tu."

Mputu alimpenda Bolingo kwa sababu ya mzaha wake na moyo wake mkunjufu. Baba yake Bolingo, aliyekuwa koplo, alikuwa amefariki. Mama yake, Mama Ndaya, aliuza samaki wakavu kutoka Kinkondja kwenye soko la kambi, naye alikuwa amewasihi wakubwa wengi kabla mwanawe hajapata nafasi katika shule ile. Mputu aliitikia kwa kichwa.

Ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo. Jina la Bolingo lilipoitwa, Mputu aliinamisha kichwa nyuma ya mabega ya mwenzake na kujibu kwa sauti nene. Lake lilipofika akajibu kwa sauti yake ya kawaida. Adjudanti akatia alama ya mwisho na kusema kwamba wote thelathini na sita wapo.

Kisha akafunga daftari na kuwatangazia habari. Mgeni, meja kutoka Kinshasa, alikuwa amefika kwa ndege jana jioni, naye alitaka kuona mizinga ikipigwa. Kwa hiyo shabaha ya Ijumaa ingefanyika leo, mara baada ya uji, na kadeti wangepanda kilimani kutazama. Wavulana walifurahi, maana gwaride la asubuhi lilikuwa limefutwa.

Uji ulinywewa, Bolingo hakurudi. Bakuli lake lilikaa pale mezani likifanya utando, na Mputu hakuweza kumeza hata kijiko. Alikwenda kwa Bokungu, kiongozi wa bweni, akamweleza kwa sauti ya chini.

"Unyamaze," Bokungu akasema. "Ukisema, batamufukuza ule, na weye pamoja. Bolingo iko mwerevu. Amesha kutoka kule kitambo, anajificha tu."

Mputu alitaka sana kuyaamini maneno hayo, kwa hiyo akayaamini kwa muda. Walipanda kilima mistari miwili miwili. Kila baada ya hatua chache aligeuka kutazama njia ya uzioni, akitumaini kuona kofia ya Bolingo. Aliona majani marefu tu, na ukungu uliokaa bondeni bila kusogea.

Juu kilimani, ukungu ulipoanza kuinuka, bendera nyekundu ilipandishwa. Sasa, uwanja ule ulikuwa na kanuni yake. Kabla ya kupiga, kila kundi la kambi lilitoa hesabu ya watu wake. Hata mmoja akikosekana, askari walishuka bondeni na filimbi wakatafuta mti kwa mti. Hesabu ikitimia, hakuna aliyeshuka. Meja aliuliza habari za kadeti. Adjudanti Likoke alifungua daftari, akasoma alama zake, na kujibu kwamba wametimia. Mputu alisikia kila neno. Alijua kwamba alama moja kati ya hizo ilikuwa ya uongo, na kwamba yeye ndiye aliyeiweka pale.

Alifikiria kufukuzwa. Alifikiria baba yake, fundi wa ndege, aliyewaringia majirani kwa ajili ya kofia ya mwanawe. Alifikiria jina la msaliti ambalo wenzake wangempa. Wakati bado anafikiria, kombora la kwanza likatoka.

Ardhi ilitikisika. Upande wa mbali wa bonde udongo mwekundu ulirushwa juu, na ndege wote wakaruka kutoka mitini. Kadeti walishangilia. Mpigaji akasogeza kipimo, na Mputu akaona mdomo wa mzinga ukielekezwa karibu zaidi, huku kwenye masuku. Hofu ya kufukuzwa ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekuwa ndogo kabisa.

Akatoka mstarini na kukimbia.

"Mon adjudant, musipige," akasema. "Bolingo haiko. Iko kule chini kwa masuku. Asubuhi minyi njo nilimujibia."

Adjudanti Likoke hakumuuliza neno la pili. Aliinua mikono yote miwili juu na kusimama mbele ya mzinga, na askari aliyekuwa ameshika kombora la pili akalirudisha sandukuni. Filimbi zikalia. Askari wakashuka bondeni wakikimbia, wakaita jina la Bolingo mara nyingi, na kwa muda mrefu hakuna aliyejibu.

Walimkuta amelala kifudifudi ndani ya handaki la zamani, ameziba masikio kwa mikono, masuku yamepondeka chini ya kifua chake. Alikuwa ameanguka kutoka mtini alfajiri na kuvunjika mguu. Alikuwa amejikokota kwa mikono mpaka hapo, akipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Mahali alipokuwa palikuwa hatua hamsini tu kutoka kwenye mti ambao meja alikuwa amewaonyesha wapigaji kuwa shabaha inayofuata.

Mkuu wa shule alitaka kuwafukuza Mputu na Bolingo siku hiyohiyo. Adjudanti Likoke ndiye aliyewatetea. Alisema mbele ya wote kwamba na yeye ana kosa, kwa kuwa alihesabu sauti badala ya kuhesabu watu, na kwamba yule mtoto alisema kweli wakati ilipokuwa rahisi zaidi kunyamaza. Basi hawakufukuzwa; Mputu alipewa mwezi mzima wa kusafisha vyoo na kufyeka nyasi, na Bokungu, aliyejua akanyamaza, akavuliwa uongozi wa bweni.

Jumapili Mputu alikwenda zahanati kumtazama rafiki yake. Bolingo alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta. Mama Ndaya alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mputu alipiga magoti kumwomba msamaha, na mama yule akamshika bega na kumwinua.

"Sikukasirikii, mwanangu," akasema polepole. "Lakini usikie. Mutoto wangu alilia kule chini, hakuna muntu alimutafuta, sababu weye ulikuwa umesha kujibu. Kama angekufa, ningekuja apa kumuulizia. Bangenifungulia kile kitabu, bangeniambia, mama, mutoto wako iko présent."

Alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Uongo wa kumusaidia rafiki iko uongo tu," akasema. "Ukimupenda mwenzako, sema kweli juu yake mapema, hata kama batamupiga, hata kama batakupiga na weye. Fimbo inapona. Kifo haiponi."

Mputu aliketi chini kando yake, akalia, na Mama Ndaya akamwacha alie mpaka Bolingo alipoamka.