Karibu, Hapa Njo Kwako

Kiti cha Tshiela kilikuwa kimegeukia ukuta tena.

Florentine, mwalimu Mmethodisti pale Kamina, alikirudisha mezani. Nyumba haikuwa yake. Mwaka 1993, Wakasai, watu wenye asili ya mkoa jirani, walipofukuzwa, rafiki yake Tshiela, mmoja wao, alimwachia ufunguo kabla ya kupanda treni: "Unilindie, yaya, dada yangu mukubwa, mpaka nitarudia." Sasa ulikuwa 1998, vita vingine vimeanza, na Florentine alikuwa bado analinda.

Siku tatu nyuma, adhuhuri, hodi ilipigwa. Akaitikia akiwa jikoni, kama kila mtu hapa anavyoitikia: "Karibu, hapa njo kwako!", yaani hapa ndipo kwako. Mlangoni hapakuwa na mtu. Tangu hapo nyumba ilinuka makaa ya mawe yaliyolowa, viti vilijivuta vyenyewe, na mchana huu, jua likiwaka nje, chumba kikaanza kupoa, pumzi ikasikika nyuma ya kabati, ikasogea, ikasimama karibu kabisa na sikio lake, na sauti ikasema taratibu: "Ulinipa. Toka."

Alikimbilia kwa Mama Mputu, mshonaji Mwislamu kutoka Kasongo aliyejua mambo ya majini, akamsimulia habari za viti na sauti.

"Mama, lakini miye niko Mmethodisti," alinong'ona.

"Jini alikuuliza batizo?" Mputu aliweka mkasi chini. "Ulimuambia nini?"

Alipoelezwa, alitikisa kichwa. "Heshima yako njo amegeuza kuwa karatasi ya nyumba, kama vile ulimupa. Sikia. Mungu iko na jina, Al-Warith, Mrithi. Mrithi wa bantu, watu kama siye, anapokea kitu ya mwingine. Yeye hapokei. Benyewe bote bakiisha kwenda, Yeye anabakia, na kitu ilikuwa yake tangu mwanzo. Sasa weye, ile nyumba iko yako?"

"Hapana. Iko ya Tshiela."

"Basi ulimupa nini?"

Walirudi pamoja. Baridi iliwapokea mlangoni. Florentine alikwenda moja kwa moja akaketi kwenye kiti cha Tshiela.

"Siko natoka! Hapa haiko kwangu, sikuweza kukupa. Iko kwa Tshiela, na nyuma ya Tshiela iko kwa Al-Warith. Weye uko mugeni. Mugeni anatoka!"

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Harufu ikatoka, jua likaingia.

Walikuwa bado wanatweta hodi iliposikika nyumba ya jirani, kwa mzee Manassé, aliyeijenga kwa mikono yake mwenyewe, nayo ilikuwa yake kweli. Mlangoni pake hapakuwa na mtu.

"Karibu!" mzee aliitikia kwa furaha kutoka ndani. "Hapa njo..."

Florentine alikuwa ameshafika uani, ufunguo mkononi. "Baba Manassé, usimalize!"