Mawe ya Mbao ya Thornwick

"Yumo kwenye kundi la ziara la saa nane. Anatafuta jiwe la tatu, kushoto kwa mlango."

"Sura yake?"

"Hatuna."

Mawasiliano yakakatika kwenye kidude cha sikioni. Hollis Trask akafunga mlango wa Ford yake, akaficha bastola yake ya Glock chini ya koti, akapanda mteremko wa chuo.

Juu lilisimama jumba la Thornwick. Paa zenye ncha, mnara, madirisha yaliyochongoka kama ya kanisa.

Miaka ishirini na miwili alikuwa amelikwepa.

Humo ilifichwa orodha ya watu kumi na mmoja walioipa idara yake ya ujasusi siri za kwao ng'ambo. Tisa walikuwa bado hai. Aliyeificha ni mtunza jumba, mzee Cornelius Van Alst, kwa ombi la Trask. Kabla hajasema ameiweka wapi, majasusi wa ng'ambo walimsukuma kutoka ngazi za mnara. Idara ilitaka ukimya. Trask akaandika taarifa: mzee alikuwa amelewa.

Cornelius hakuwahi kuonja pombe.

Wiki iliyopita majasusi walewale walinunua sanduku lake la vifaa mnadani. Ndani mlikuwa na kikaratasi: jiwe la tatu, kushoto kwa mlango.

Ilikuwa siku ya wahitimu wa zamani. Watu kumi na wawili walisubiri barazani, vikombe vya juisi ya tofaa mkononi. Mwanamke aliyewaongoza alikuwa na macho ya Cornelius. Enid, bintiye.

Trask akatazama viatu vyake mwenyewe.

Enid alieleza kwamba jumba lilijengwa na tajiri wa vifungo kwa ajili ya mkewe, aliyefariki kabla ya kuhamia. Warithi wakalitoa kwa chuo. Wasichana wakalala humo miaka sitini. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba baba yake alilitunza hadi alipoanguka mnarani. Taarifa inasema ulevi.

Kila mhitimu alipoingia aligonga ukuta wa nje kwa vifundo vya vidole, akacheka.

Mmoja hakugonga. Alipapasa ukuta kwa kiganja.

"Jiwe zuri," alisema. "Limetoka machimbo gani?"

Bibi mwenye kofia nyekundu akamkagua juu hadi chini. "Na beji umevaa! Ulisoma hapa, mwanangu, au ulipita tu kuleta barua?"

Wenzake wakaangua kicheko. Ule ukuta ni wa mbao, zilizopakwa rangi yenye mchanga zifanane na mawe. Kila mwanafunzi mpya hudanganyika mara moja, na hasahau.

Mtu yule akacheka nao, akachelewa nyuma, akashuka chini ya jumba, kwenye msingi wa mawe ya kweli.

Trask akamfuata.

Alimkuta amepiga magoti kushoto kwa mlango wa chini, keekee ya umeme ikinguruma jiweni.

"Iache."

Mkono ukaenda kiunoni. Trask akampiga kwa kitako cha Glock. Pingu zikalia.

Nyuma ya jiwe la tatu palikuwa na udongo mtupu.

Alipanda, akamwita Enid kando, akamuuliza ni kitu gani baba yake alikuwa akikiita jiwe.

"Haya ya nje. Alikuwa akiyapaka rangi kila masika. Mawe yangu, alisema."

Enid akaleta kisu cha jikoni. Ubao wa tatu kushoto kwa mlango ukabanduka. Ndani, kopo la tumbaku. Ndani ya kopo, orodha.

"Ulimjua baba?"

"Nilimwomba aifiche. Wakamuua kwa sababu hiyo." "Na ile taarifa ya ulevi niliandika mimi."

Enid hakulia. "Mama alikufa akiiamini," alisema.

Trask alitoa kalamu yake ya Parker, akaandika nyuma ya ratiba ya ziara kwamba Cornelius Van Alst aliuawa, wala hakuwa amelewa. Akatia sahihi jina lake halisi. Enid akaipokea bila kumshukuru.

Kidude kikanguruma. "Ripoti."

"Mtu yuko chini, ana pingu. Orodha ninayo. Taarifa ya Van Alst nimeirekebisha."

"Trask, huna ruhusa ya..."

Akakitoa sikioni, akakitia mfukoni.

Akashuka mteremko taratibu, mikono ndani ya koti. Nyuma yake kundi la saa tisa lilikuwa limekusanyika barazani.

"Baba yangu alilitunza jumba hili," Enid aliwaambia. "Hakuwa mlevi."

Trask akawasha Ford.