Fundi Aliyeifuta Meza

Saa mbili asubuhi fundi seremala alipanda juu ya kigoda, akafuta neno MEZA kwenye kibao cha karakana yake. Mahali pake akaandika: UBAO WA MIGUU MINNE.

"Baba Pacha, umelogwa?" mkewe aliuliza, ufagio mkononi.

"Jana redioni wamesema meza ni neno la kigeni. Kibao changu hakipangishi wageni!"

Mke alitazama meza zilizosongamana hadi mlangoni. Zisipouzwa, mbao nyingine hazinunuliwi, na kazi inasimama.

Mara akapita mama mwenye mkahawa, anatafuta meza. Akasoma kibao.

"Ubao wa miguu minne? Huyu anachonga mbuzi?" Akavuka barabara kwa fundi mwingine.

Mke alisikia. Mbio akamwita wifi yake, dada wa fundi, mwalimu wa madarasa ya watu wazima. Wifi alimkuta kaka yake anapiga randa.

"Kaka, redio haikukudanganya," alisema. "Neno meza lilitoka kwa Wareno, karne nyingi zilizopita. Babu wa babu yetu alilikuta."

"Si unaona? Mgeni!"

"Haya. Na sanduku?"

"Sanduku letu."

"La Waarabu."

"Basi nitaandika kasha. Ni kisawe chake, maana ni ileile."

"Kasha? Wareno tena."

Mkewe alikohoa kuficha kicheko.

"Kabati?" fundi aliuliza, sauti imepungua.

"Waingereza."

"Hata kiti?"

"Kiti ni la asili, la Kibantu. Kitanda pia."

Fundi akavimba kichwa.

"Lakini msumari ni neno la Waarabu. Karakana asili yake Kiajemi. Na hiyo randa pia."

Fundi akaiweka randa chini polepole, kama imemng'ata.

"Sasa nitasema nini, dada? Nifanye kazi kwa ishara?"

"Sema linaloeleweka. Neno likishaingia jikoni, sokoni na shuleni, ni la kwetu. Meza ni samani yenye uso bapa na miguu, ya kulia au kuandikia. Kila mtu anaijua kwa neno moja. Wewe umetumia manne, na mteja kaona mbuzi."

"Nani kaona mbuzi?"

"Yule mwenye mkahawa," mkewe alisema. "Yuko ng'ambo ya barabara. Andika upesi, mume wangu!"

Fundi alirudi juu ya kigoda. Rangi ya MEZA ilikuwa bado mbichi mke alipovuka barabara. Mama wa mkahawa alikuwa akigombana na yule fundi mwingine juu ya meza zake zenye miguu inayocheza.

"Njoo kwetu, dada. Mbuzi hakuna. Kuna meza."

Mama alikuja. Akaegemea meza moja kwa uzito wake wote, na uzito alikuwa nao. Meza haikutikisika.

"Nipakilieni hii na mwenzake," alisema.

Alasiri mkokoteni uliondoka na meza mbili.