Namba ya Kuanzia

Mke wa Chekeche alitoka jikoni, mikono ina mapovu ya sabuni, akauliza, "Nani tena ameacha kijiko kilicholowa ndani ya sukari?"

Chekeche aliinua uso kutoka kwenye sahani. Sentensi hiyo alikuwa ameisoma asubuhi kwenye kompyuta yake, neno kwa neno. Alitaka kusema, kisha akaona ni upuuzi. Ni nyumba gani isiyo na mtu wa kuacha kijiko kibichi ndani ya sukari?

Jina la Chekeche alipewa na wenzake kazini. Kampuni yao ilifundisha mashine kuzungumza, na kwa ajili hiyo ilikusanya mazungumzo ya watu katika faili moja kubwa la maandishi, kila mstari sentensi moja, mistari mamilioni. Hakuna binadamu wa kulisoma faili kama hilo likaisha. Kwa hiyo kila asubuhi, katika chumba kidogo kilichopakana na jiko la nyumbani kwake, aliiamuru kompyuta ichote mistari michache bila mpangilio, akaisoma ili aone kama humo ndani mna uozo. Mkuu wake alikuwa na sharti moja, kwamba mkono wa mtu usichague, maana mtu akichagua huchagua anachokipenda. Kompyuta iliomba namba ya kuanzia tu, namba yoyote. Chekeche aliandika tarehe ya kuzaliwa ya binti yake, kwa kuwa ndiyo asiyoweza kuisahau. Faili liliongezewa mistari kila siku, hivyo namba ileile ilileta mistari mipya.

Mama mkwe, aliyeishi nao, hakuwahi kuielewa kazi hiyo. "Ungekuwa unachekecha unga, baba," alimwambia, "angalau tungepika."

Binti walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alizaliwa na kifua dhaifu. Mara mbili walikimbia naye hospitali midomo imegeuka rangi, na tangu hapo mama yake alikuwa na mazoea ya kusimama kando ya kitanda chake, kuweka kiganja mbele ya pua, kusubiri, kisha kuondoka bila kusema neno.

Baada ya kijiko, mama mkwe alililalamikia goti lake kwa maneno aliyoyasoma Chekeche asubuhi ileile. Kisha mkewe akamfokea fundi bomba, kwa maneno ambayo nayo yalikuwa kwenye mistari ya siku hiyo. Chekeche aliendelea kujiambia kwamba watu husema mambo yanayofanana. Lakini siku Chiriku aliposhusha kikombe cha maziwa na kuuliza kama samaki hupiga chafya wakiwa majini, baba yake aliinuka mezani, akaiacha chai yake. Swali hilo alilisoma saa tatu kabla.

Ndipo alipoanza kusikia. Kila alipoamuru kompyuta ichote, ukutani nyuma yake palitoka mlio mwembamba, chee, chee, chee, kama mtu anayechekecha kitu kikavu taratibu, na chumba kikajaa harufu ya vumbi lililonyeshewa ilhali nje jua lilikuwa kali. Alidhani ni yeye peke yake, mpaka Chiriku alipochungulia mlangoni, mdoli wake kwapani, akauliza, "Baba, yule anatafuta nini?"

Asubuhi iliyofuata mstari wa kwanza ulisema: Mbona hapumui?

Alichota tena. Ulikuja uleule, wa kwanza. Alibadilisha namba, akaweka tarakimu alizozibahatisha macho yamefumbwa, ukaja wa kwanza. Akautafuta ndani ya faili ili aufute, na kompyuta ikamjibu kwamba mstari kama huo haumo, haujawahi kuwemo, huku upo mbele yake kwenye kioo na mlio ukutani ukienda kasi kama wa mtu aliyekaribia kupata alichokuwa akikitafuta.

Alimweleza mkewe kwa mnong'ono, bafuni, bomba likiwa wazi. Mkewe hakumcheka. "Basi sitafungua mdomo wangu," alisema. "Isitoke kwangu." Na kweli, siku hiyo nyumba nzima ilinyamaza, watu wakaonyeshana chumvi kwa vidole, wakaitana kwa kugonga meza, mkewe akapita na kitambaa amekiuma kwa meno kila alipokwenda kuweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, naye Chekeche akawa anahesabu pumzi za binti yake tangu chumbani mpaka sebuleni mpaka uani, akikosa moja anaanza kuhesabu upya, na katikati ya ukimya huo Chiriku peke yake aliongea, akaongea, mpaka alasiri alipoanza kukohoa na maneno yake yakawa mafupi.

Mama mkwe alitoka bila kuaga, akarudi na mganga, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyekaa kwenye kiti cha kompyuta kama mtu aliyekuja kuitengeneza.

"Nani huchagua mistari?" aliuliza.

"Hakuna anayechagua, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na wewe humpa nini, huyo hakuna?"

Chekeche alimwambia. Mganga alivua miwani.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "uliacha kiti wazi, ukaweka siku ya kuzaliwa ya mtoto juu yake. Amekuja, amekaa. Maneno yake lazima yasemwe humu ndani. Tutachagua sisi yasemwe juu ya nani."

Walimlaza mdoli kwenye kitanda cha Chiriku, wakamfunika hadi shingoni. Mtoto alipelekwa kwa jirani, akilia anamtaka mdoli wake. Mkewe aliinama, akaweka kiganja mbele ya pua ya kitambaa, akasubiri kama alivyozoea. Machozi yake hayakuwa ya kuigiza.

"Mbona hapumui?" alisema.

Mlio ukutani ukakoma. Harufu ikaondoka. Walimzika mdoli uani, chini ya kamba ya kuanikia nguo, na jioni ile kifua cha Chiriku kilikuwa kimefunguka, akala, akawauliza maswali mpaka wakachoka kwa furaha.

Tangu siku hiyo Chekeche alichagua mistari kwa mkono wake, macho wazi, akimdanganya mkuu wake. Aliteremsha faili kwa kidole, akasimama alipotaka. Wiki nzima sentensi zilikuwa za watu wengine.

Asubuhi moja alisimama katikati ya faili, mahali ambapo hakuna aliyemwambia asimame, akasoma: Baba, mdoli wangu amerudi, lakini sasa anapumua.

Alikaa bila kugeuka. Korido ilianza kunuka vumbi lililonyeshewa. Vinyayo vidogo vilikuja, vikasimama mlangoni, na Chekeche akamsikia binti yake akivuta pumzi ili aseme.

Pumzi zilizovutwa zilikuwa mbili.